Denis Burkitt, daktari aliyefuata nyayo za uvimbe wa taya hadi kwenye malaria

Saratani ya tezi inayoitwa limfoma ya Burkitt, ambayo huwapata zaidi watoto wa maeneo yenye malaria, ilipewa jina la mpasuaji Denis Parsons Burkitt, aliyezaliwa Ireland tarehe 28 Februari, 1911. Alipoteza jicho la kulia kwa ajali akiwa na miaka 11, lakini alihitimu udaktari Dublin na mwaka 1946 akaanza kazi Uganda.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Muda mfupi baadaye alimkuta mwingine Jinja. Uvimbe huo hulegeza meno na unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku mbili. Mzazi anayedhani ni jino bovu hupoteza muda ambao mtoto hana.

Mwaka 1961, mwaka wa Uhuru wa Tanganyika, Burkitt na madaktari wenzake wawili walisafiri kwa gari kuukuu takribani kilomita 16,000, kutoka Kampala hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Walibaini kuwa ugonjwa ulikuwa wa nyanda za chini zenye joto na mvua, na ulikoma kwenye milima ya baridi. Mkazi wa Katumba Songwe haitaji ramani kuielewa tofauti hiyo: bonde la Kyela lina joto, maji na mbu, ilhali Tukuyu, mwendo mfupi kupanda, kuna ubaridi. Unguja na Pemba, zilizo na joto na mvua lakini ambako malaria ilikuwa imedhibitiwa, uvimbe ulikuwa nadra.

Mwaka 1964, watafiti wa London waligundua virusi vya Epstein-Barr katika vipande vya uvimbe alivyotuma Burkitt. Virusi hivyo humwingia karibu kila mtoto, vikakaa kimya ndani ya seli B, chembe za damu zinazotengeneza kingamwili, huku seli T zikivilinda visienee. Malaria ya mara kwa mara huzichochea seli B kuongezeka na wakati huohuo hudhoofisha ulinzi wa seli T. Katika kuongezeka huko, kromosomu ya 8 na ya 14 zinaweza kubadilishana vipande, na jeni inayoamuru seli kukua ikakosa kidhibiti.

Mazingira ya kinga huendelea kuamua mengi hata uvimbe ukishaota. Ndani yake hujaa seli kubwa zinazomeza seli zilizokufa, zinazoonekana kwa hadubini kama nyota usiku. Usafi huo huelekea kuunufaisha uvimbe. Burkitt mwenyewe aliona baadhi ya watoto wakipona kwa dozi ndogo za dawa, akahisi kuwa kinga ya mtoto ilishiriki kazi hiyo.

Miaka ya 1970 mwishoni, watoto wa Mara Kaskazini walipewa klorokwini ili kupima uhusiano huo. Wagonjwa walipungua, ingawa upungufu ulikuwa umeanza kabla ya dawa, hivyo jibu halikuwa la moja kwa moja. Burkitt alifariki dunia nchini Uingereza tarehe 23 Machi, 1993.