Bell: Gavana aliyeihamisha pwani, jina lake likabaki kwenye chupa

UKIINGIA baa yoyote ya Kampala, kuanzia Kabalagala hadi Wandegeya, na kuagiza Bell, mhudumu atakuuliza jambo moja tu: baridi au ya moto? Hakuna atakayekuuliza Bell alikuwa nani. Wafanyabiashara wanaopakia mizigo ya Mwanza na Kisumu katika bandari ya Port Bell, pale Luzira, nao hulitaja jina hilo kila wiki bila kulifikiria. Wapo wanaoamini ni kengele tu, kwa kuwa ndiyo maana ya neno hilo kwa Kiingereza.

Ukweli ni kwamba Bell alikuwa mtu. Jina lake kamili ni Henry Hesketh Bell, na kwa miaka michache tu mwanzoni mwa karne iliyopita ndiye aliyeitawala Uganda kwa niaba ya Waingereza. Katika miaka hiyo alitoa amri iliyookoa maisha ya maelfu ya watu, na ambayo pia iliwang'oa maelfu kutoka makwao.

Karani wa daraja la chini

Bell alizaliwa mwaka 1864. Alianza kazi mwaka 1882, akiwa bado kijana, kama karani wa daraja la chini katika ofisi ya gavana kisiwani Barbados. Hakuwa na ukoo mkubwa wa kumbeba. Alipanda ngazi moja moja: Grenada, Gold Coast ambayo leo ni Ghana, visiwa vya Bahamas, kisha Dominica, ambako alipewa utawala wa kisiwa mwaka 1899. Huko Dominica, mwaka 1903, aliwatengea wenyeji wa asili wa kisiwa, Wakalinago, ekari zipatazo 3,700 ambazo kizazi chao kinaishi hadi leo.

Mwaka 1906 akatumwa Uganda akiwa Kamishna, na mwaka uliofuata cheo kikageuzwa kuwa Gavana. Makao yake yalikuwa Entebbe. Kabaka wa Buganda, Daudi Chwa, alikuwa mtoto wa miaka kumi hivi, na mambo ya ufalme yaliendeshwa na walezi wake wakiongozwa na Katikiro Apolo Kaggwa.

Pwani ya vifo

Bell aliikuta nchi ikiwa msibani. Ugonjwa wa malale ulikuwa umegunduliwa na madaktari wa hospitali ya Mengo mwaka 1901, na ulikuwa unafagia vijiji vya kando ya Ziwa Victoria, Busoga na Buganda, pamoja na visiwa vya Ssese na Buvuma. Inakadiriwa kuwa zaidi ya watu 200,000 walikufa katika miaka hiyo. Tangu mwaka 1903 wataalamu walikuwa wamejua kwamba mbeba vijidudu ni mbung'o, ambaye makazi yake ni vichaka vya kando ya maji. Dawa ya uhakika haikuwapo.

Bell akafanya hesabu ya mtawala. Kama mbung'o hawezi kuondolewa ziwani, basi mtu ndiye aondolewe. Aliagiza wakazi wa ukanda wa pwani wahamishwe, wakae umbali wa maili mbili au zaidi kutoka majini. Wagonjwa walipelekwa kwenye kambi maalumu. Machifu wakapewa kazi ya kusimamia, na bila wao amri ile isingetekelezeka. Pwani ya bara ikatangulia. Kufikia mwaka 1909 zamu ya visiwa ikawa imefika, na Ssese, visiwa vyenye heshima kubwa katika dini ya jadi ya Waganda, vikaachwa vitupu.

Vifo vilipungua sana, na katika hilo Bell anastahili sifa yake. Lakini bei ililipwa na watu wa ziwa. Wavuvi walizuiwa kuvua. Mitumbwi iliyokuwa ikibeba ndizi, samaki na magome kutoka ufuko mmoja hadi mwingine ilisimama. Migomba ikamezwa na msitu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ndipo watu walipoanza kuruhusiwa kurudi, na wengi walikuwa wamekwisha kufa ugenini au kuzoea ardhi nyingine. Msomaji aliyewahi kurejea kwao baada ya miaka mingi na kukuta uwanja umekuwa pori hahitaji kuelezwa zaidi.

Pamba na bandari

Upande wa uchumi, Bell aliisukuma pamba. Mwaka 1908 alitoa kanuni kali: mbegu zilizochanganyika ziteketezwe, na mashine za mkono za kuchambulia pamba ziondolewe, ili zao la Uganda liwe la aina moja sokoni. Mkulima mdogo hakuulizwa. Hata hivyo, ubora ulipanda na pamba ikawa uti wa mgongo wa nchi kwa miongo mingi.

Pamba ilihitaji njia ya kutokea. Kabla ya hapo Kampala ilitumia gati la Munyonyo. Wakati wa Bell ndipo ilipochaguliwa ghuba ya Luzira, kilomita kama 10 kutoka mjini, ikapewa jina la gavana. Meli za mvuke zikaunganisha Port Bell na reli iliyoishia Kisumu. Hadi reli ilipofika Kampala mwaka 1931, mlango mkubwa wa mji ulikuwa pale.

Bell aliondoka Uganda mwaka 1909 kwenda Nigeria ya Kaskazini, kisha Visiwa vya Leeward, na kuanzia mwaka 1916 Mauritius, ambako alimalizia utumishi wake mwaka 1924.

Bia kando ya gati

Mwaka 1946 Bell, akiwa mzee mstaafu, alichapisha kumbukumbu zake za ugavana. Mwaka huohuo Uganda Breweries ilianzishwa Port Bell, mahali penye maji tele na gati la kushushia kimea na hopsi kutoka ng'ambo. Bia yake ikachukua jina la bandari. Watu wa Kampala walikuwa na pombe yao tangu zamani, mwenge wa ndizi unaochachushwa kwa mtama uliokaangwa, lakini hii ya chupa, nyepesi na ya kunywewa baridi, ikawa alama ya mjini.

Siku hizi mambo yanageuka tena. Mwaka 2002 Nile Breweries ya Jinja ilileta Eagle, bia ya mtama wa wakulima wa Uganda, na sasa mjini Kampala wapo hata watengenezaji wadogo wanaopika bia chache kwa ladha zao wenyewe. Nafaka ya nyumbani imerudi kwenye pipa.

Sir Hesketh Bell alifariki mwaka 1952, akiwa na umri wa miaka 87. Wale aliowahamisha hawakuachiwa bandari wala chupa yenye jina lao. Atakayeshuka Port Bell na mzigo wake na kuagiza moja baridi, akumbuke kwamba ufuko ule uliwahi kuwa na wenyewe, nao waliondoka wakiwa na mizigo kichwani.