Luigi Broglio na Fimbo ya Mbali

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Msemo huu niliuamini bila kuuliza maswali, na likizo ya Agosti iliyopita nikauamini zaidi, maana ulinichapa mimi mwenyewe.

Mlezi wa chama chetu alikuwa amenipa kazi ya kuandika maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha fariki, na ambaye jina lake linahusiana na pwani yetu ya Malindi na Kilifi. Nikamchagua Profesa Luigi Broglio, Mwitaliano ambaye kituo cha anga cha Ngomeni kinaitwa kwa jina lake. Nikaandika kurasa nne kwenye tarakilishi ya mezani pale nyumbani Malindi. Siku mbili kabla ya kuikabidhi kazi, tukaitwa arusini Ngomeni kwa nyanya. Sikuwa na wasiwasi. Kaka yangu alikuwa amenipa kipakatalishi chake, na humo mlikuwa na programu ya kuiendesha ile tarakilishi ya nyumbani kutoka popote penye mtandao. Nilijua nitakaa barazani kwa nyanya, niunganishe na simu, kisha nimalizie insha yangu kana kwamba niko nyumbani.

Mambo haya, kwa wasioyajua, si uchawi. Kipakatalishi hupeleka amri zako kwa mawimbi: umebonyeza herufi gani, umesogeza kipanya wapi. Tarakilishi ya nyumbani ndiyo hufanya kazi yenyewe, kisha hukurudishia picha ya kioo chake ili uone imefanya nini. Amri inaenda, habari inarudi. Ukikosa kimojawapo huna kitu.

Basi nikaunganisha. Kimya. Nikajaribu tena. Kimya. Kumbe tarakilishi ilikuwa imelala! Tangu inunuliwe imepangwa kujizima yenyewe ikikaa muda bila kuguswa, na mimi sikukumbuka kuubadilisha mpango huo. Nyumba imefungwa, watu wote wako arusini, hakuna hata mtoto wa jirani wa kwenda kubonyeza kitufe kimoja tu. Kurasa zangu nne zilikuwa umbali wa safari ya matatu, lakini nilizihisi ziko mbali kuliko mwezi.

Nyanya aliponiona nimejiinamia akaniuliza kulikoni. Nikamweleza. Akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akaninyoshea kidole upande wa bahari. Akanieleza kwamba alipokuwa msichana, waliwahi kusikia mngurumo huko na kuona mkia wa moto ukipanda mbinguni, na aliyeuwasha hata hakuwa karibu nao. Hapo nikafungua ukurasa mpya na kuanza upya. Hii mnayoisoma ndiyo insha ya pili, na naiona bora kuliko ile ya kwanza.

Luigi Broglio alizaliwa tarehe 11 Novemba 1911 huko Mestre, karibu na Venice, kaskazini mwa Italia. Alisomea uhandisi Roma, akaingia katika jeshi la wanahewa upande wa wahandisi, na baadaye akafikia cheo cha jenerali. Lakini jina lake hasa alilipata darasani. Alikuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Roma, akaongoza shule ya uhandisi wa anga ya chuo hicho. Vijana wengi waliokuja kufanya kazi huku Ngomeni walipitia mikononi mwake.

Mwaka 1957 Umoja wa Kisovieti ulirusha setilaiti ya kwanza duniani, Sputnik, na Marekani ikafuata mwaka 1958. Mataifa makubwa yakawa yanashindana, na mengine yote yanatazama kama watoto nje ya uwanja wa mpira. Broglio hakuridhika kutazama. Italia ilikuwa imetoka vitani imechoka, haikuwa na fedha za kutengeneza kila kitu. Yeye akaona kwamba asiye na ng'ombe anaweza kuazima jembe la ng'ombe, mradi ajue kulima. Mwaka 1961 serikali ya Waziri Mkuu Amintore Fanfani iliukubali mpango wake ulioitwa San Marco, jina la mtakatifu mlinzi wa Venice. Mwaka 1962 Italia ikapatana na shirika la anga la Marekani, NASA: Marekani itoe roketi aina ya Scout na mafunzo, Waitaliano watengeneze setilaiti na warushe wenyewe.

Hapa ndipo nilipoanza kumwelewa mtu huyu. Hakukimbilia Ngomeni moja kwa moja. Aliwapeleka vijana wake Marekani kwanza wakajifunze roketi ile kwa mikono yao. Tarehe 15 Desemba 1964, katika kisiwa cha Wallops, jimbo la Virginia, kikosi cha Waitaliano kilirusha San Marco 1, setilaiti ya kwanza ya nchi yao. Ndipo wakawa tayari kufanya hivyo mbali na walimu wao.

Kwa nini pwani yetu? Jibu limo katika somo la jiografia. Dunia huzunguka kuelekea mashariki, na mwendo wake ni mkubwa zaidi kwenye ikweta, karibu kilomita 1,670 kwa saa. Ngomeni iko takriban nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta. Roketi ikirushwa hapa kuelekea mashariki hupewa msukumo wa bure na dunia yenyewe, na setilaiti inaweza kuzunguka juu ya ikweta bila kuhangaika kugeuza njia. Tena mbele yake hakuna mji wala kijiji, ni Bahari ya Hindi tupu. Vipande vya roketi vikianguka, huangukia majini.

Broglio hakujenga uwanja wa kurushia juu ya nchi kavu. Alileta majukwaa ya chuma yaliyokokotwa baharini, yakasimamishwa kwa miguu mirefu katika ghuba ya Ungwana, mbele ya Ngomeni. Jukwaa la San Marco lilibeba roketi. Jukwaa la Santa Rita, ambalo hapo awali lilitengenezwa kwa kazi ya kuchimba mafuta, lilibeba wahandisi na vyombo vya kuongozea. Baina yao palikuwa na maji, na chini ya maji palipita nyaya. Kambi ya nchi kavu ilikuwa Ngomeni kwenyewe, pamoja na antena za kuzungumza na setilaiti.

Ebu fikiria, mwenzangu. Roketi ya Scout ilikuwa na hatua nne, zote zikitumia fueli ngumu, na fueli ya namna hiyo ikishawashwa haizimwi. Saa ya kurusha ikikaribia, watu wote huondoka San Marco. Hakuna tena wa kukaza parafujo wala kuchomeka waya uliosahauliwa. Kilichobaki ni mtu aliyekaa jukwaa la pili, vioo vya kumwonyesha hali, na kitufe. Kama kuna jambo hukulifanya ulipokuwa karibu, huwezi kulifanya ukiwa mbali. Nilipofika hapa niliikumbuka tarakilishi yangu iliyolala, nikaona haya.

Tarehe 26 Aprili 1967 San Marco 2 iliruka kutoka ghuba ya Ungwana. Ndani yake mlikuwa na chombo alichobuni Broglio mwenyewe, mizani ya kupimia hewa ya juu kabisa. Setilaiti ilikuwa na ganda jepesi la nje na mwili mzito wa ndani, vikiunganishwa kwa mikono yenye kunepa. Hewa nyembamba ilipolisukuma ganda, ganda lilisogea kidogo sana kuliko jicho linavyoweza kuona, na kipimo kikatumwa chini kwa mawimbi ya redio. Hivyo watu waliokuwa duniani waliweza kujua hewa ina uzito gani mahali ambapo hakuna binadamu wa kwenda kupima.

Lakini siku iliyoipa pwani yetu sifa zaidi ni tarehe 12 Desemba 1970. Kikosi cha Broglio kilirusha setilaiti ya Marekani iliyotengenezwa kutafuta miali ya eksirei kutoka kwenye nyota. Miali hiyo huzuiwa na hewa yetu, kwa hiyo lazima chombo kiende juu. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru, na Marjorie Townsend, mhandisi wa NASA aliyesimamia kazi hiyo, akaipa setilaiti jina la Kiswahili: Uhuru. Wanachama wenzangu, lugha tunayoitetea katika chama hiki ilikwisha panda angani kabla wazazi wengi wetu hawajazaliwa!

Roketi ilipokwisha kwenda, Townsend na mwanasayansi Riccardo Giacconi hawakungoja sherehe. Waliingia katika mashua ya mpira, wakakimbilia kambi ya nchi kavu. Humo, wamebanana katika gari la mitambo, waliituma amri ya kuwasha vyombo vya setilaiti iliyokuwa zaidi ya kilomita 500 juu. Vyombo vikaitika. Uhuru ilifanya kazi hadi mwaka 1973, ikaorodhesha vyanzo 339 vya eksirei, na ikasaidia wataalamu kutambua kwamba Cygnus X-1 huenda ni shimo jeusi. Mwaka 2002 Giacconi alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia. Ama kweli, fimbo ya mbali iliua nyoka, kwa sababu ilichongwa na kupimwa nyumbani.

Kati ya mwaka 1967 na 1988 setilaiti 9 zilirushwa kutoka hapo, mojawapo ikiwa Ariel 5 ya Uingereza mwaka 1974. Ya mwisho ilikuwa San Marco D/L, tarehe 25 Machi 1988. Baada ya hapo roketi zilinyamaza, ila antena ziliendelea na kazi. Setilaiti ya Swift iliyorushwa mwaka 2004 ilitumia antena za Malindi kuzungumza na waongozaji wake waliokaa Pennsylvania, Marekani. Broglio hakuiona hiyo. Alifariki Roma tarehe 14 Januari 2001, akiwa na umri wa miaka 89, na kituo kikapewa jina lake.

Nilipomsomea nyanya sehemu hii, aliniuliza swali moja lililonikosesha usingizi: je, sisi tulipata nini? Samaki walikuwa wetu, ufuo ni wetu, hata jina la setilaiti ni letu, lakini kidole juu ya kitufe kilikuwa cha mgeni. Sikuweza kumbishia. Ila nilimkumbusha kwamba Broglio naye alianza na roketi ya watu wengine, akaiendesha mpaka akaijua. Kenya nayo imeanza. Mwaka 2017 Shirika la Anga la Kenya liliundwa. Tarehe 11 Mei 2018 setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliachiliwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga, na iliyosaidia kuiunda ni Sapienza, chuo kile kile alichofundisha Broglio. Mwezi Aprili 2023 Taifa-1 ikafuata, ikibebwa na roketi ya Marekani. Nyanya alitikisa kichwa tu, akasema atafurahi zaidi siku atakayemwona mtoto wa Ngomeni au Gongoni ameketi mbele ya vile vioo. Nami nakubaliana naye. Kukaa karibu na antena si sawa na kujua kuiongoza.

Niliporudi nyumbani jambo la kwanza nililofanya ni kuirekebisha tarakilishi isilale ovyo, na kuiruhusu iamshwe kupitia mtandao. Kazi ya dakika tano, ambayo ningeifanya kabla ya safari nisingepata taabu yote ile. Lakini pia nisingekaa barazani na nyanya nikaisikia habari ya ule mkia wa moto. Zile kurasa nne za kwanza nilizikuta salama. Zilikuwa na tarehe nyingi na uhai kidogo, nikazifuta.

Kwa hayo machache naiweka kalamu chini. Mwenye kutaka kuamuru mbali, na ajifunze kwanza kuandaa karibu.