Gerardus Mercator: Mchoraji Ramani na Funzo Lake kwa Mwalimu

Katika madarasa mengi ramani ya dunia hutundikwa ukutani, nayo hukaa pale miaka mingi bila kuulizwa swali lolote. Mara nyingi ramani hiyo huwa ya namna ambayo kisiwa cha Greenland huonekana kikubwa karibu sawa na bara la Afrika. Mtoto huitazama kila siku, na bila ya kuambiwa na mtu huyaweka moyoni aliyoyaona. Kumbe Greenland ina kilomita za mraba milioni 2 na kidogo, hali Afrika ina milioni 30. Yaani bara letu ni kubwa kuliko kisiwa hicho mara 14 hivi.

Asili ya jambo hili ni uamuzi uliofanywa mwaka 1569 na mtu mmoja, Gerardus Mercator. Tunakusudia kueleza hapa maisha yake kwa ufupi, kwa sababu mwalimu ajuaye kwa nini ramani ilichorwa hivyo ataitumia vema, na asiyejua anaweza kuwafundisha watoto uwongo kwa nia njema kabisa.

Utoto na Masomo

Mercator alizaliwa tarehe 5 Machi 1512 katika mji mdogo wa Rupelmonde, nchi ya Flanders, ambayo leo ni sehemu ya Ubelgiji. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Gerard Kremer, maana yake mfanyabiashara, naye baadaye alilitafsiri kwa Kilatini, lugha ya wasomi wa wakati ule. Baba yake alikuwa fundi viatu asiye na mali. Wazazi walipofariki, ndugu mmoja wa ukoo aliyekuwa padri alimtunza na kumsomesha. Mwaka 1530 aliingia Chuo Kikuu cha Leuven, na mwaka 1532 akapata shahada yake.

Hesabu za kupima nchi alijifunza baada ya shahada, chini ya mtaalamu Gemma Frisius. Hakuishia vitabuni. Alijifunza kuchora herufi na mistari juu ya bamba la shaba, na mwaka 1536 alishiriki pamoja na mwalimu wake na fundi mmoja wa dhahabu kutengeneza tufe la dunia. Mwaka 1541 alitengeneza tufe lake mwenyewe. Matufe hayo yalitengenezwa kwa kuchapa ramani juu ya vipande vya karatasi vilivyo vyembamba ncha zote mbili na vipana katikati, kama maganda ya chungwa, kisha kuvibandika juu ya mpira. Kwa hiyo Mercator alijua kwa mikono yake, kabla ya kujua kwa hesabu, kwamba karatasi bapa haikubali kuufunika mpira bila kukatwa au kuvutwa. Kwetu sisi walimu jambo hilo lina maana kubwa.

Kifungoni

Mwaka 1544 maisha yake yalikaribia kukatika. Ulikuwa wakati wa ugomvi mkubwa wa dini katika Ulaya, na Mercator alikamatwa pamoja na watu wengine zaidi ya 40 kwa tuhuma za uzushi. Alifungwa miezi 7 hivi katika ngome ya Rupelmonde, mji ule ule aliozaliwa. Baadhi ya wenzake waliuawa. Chuo Kikuu kilimtetea, ushahidi haukupatikana, naye akaachiliwa. Mwaka 1552 alihamia Duisburg, mji wa Ujerumani, akaishi huko hadi kufa kwake. Huko alifundisha hesabu katika shule ya mji kwa muda wa miaka kadhaa. Hivyo tunaweza kumhesabu miongoni mwa walimu wenzetu.

Ramani ya Mwaka 1569

Mabaharia wa wakati ule walikuwa na taabu moja. Nahodha aliyetaka kusafiri akiifuata dira kwa pembe moja tu tangu bandari hadi bandari hakuweza kuichora njia yake kwa mstari ulionyooka juu ya ramani. Mstari wake ulipinda. Mercator alikuwa amekwisha kuichora mistari hiyo juu ya tufe lake la mwaka 1541. Sasa alitaka kuinyosha juu ya karatasi.

Tuueleze ufumbuzi wake polepole. Kwenye ikweta, hatua ya digrii 1 ya longitudo ni kilomita 111 hivi. Mistari ya longitudo hukaribiana kadiri inavyoelekea kwenye ncha za dunia, hata kwenye latitudo ya digrii 60 hatua ile ile ni kilomita 56 tu. Mercator aliichora mistari hiyo iwe sambamba, na kwa kufanya hivyo nchi zilizo kwenye digrii 60 zilivutwa mara mbili kwa upana. Ili pembe zisiharibike, akazivuta mara mbili kwa urefu pia, na zaidi kila alipozidi kukaribia ncha. Pembe za dira zikawa sahihi, na njia ya nahodha ikanyooka.

Lakini hapana faida isiyo na gharama. Nchi iliyovutwa mara mbili kila upande huonekana kubwa mara 4. Kwenye latitudo ya digrii 80, ambako Greenland ya kaskazini ipo, uvutaji hukaribia mara 6, na eneo huonekana kubwa zaidi ya mara 30. Tanzania, iliyo kati ya latitudo ya digrii 1 na 12 kusini, huvutwa kwa sehemu 2 tu katika 100 huko mwisho wa kusini. Kwa hiyo skeli ya ramani hiyo ni ya kweli kwenye ikweta, na kila tunapoiacha ikweta hubadilika.

Je, Mercator alidanganya? La. Katika jina refu la ramani yake alitangaza kwamba ameitengeneza kwa matumizi ya mabaharia. Aidha aliweka juu yake mchoro wa kusaidia kupima njia na umbali. Waliokosea ni wale walioichukua zana ya nahodha wakaitundika ukutani kufundishia ukubwa wa nchi.

Kusahihisha Bila Haya

Mercator hakuchoka kusahihisha. Ptolemy, mwanajiografia wa kale, aliipa bahari ya Mediterania urefu wa digrii 62. Katika ramani yake ya Ulaya ya mwaka 1554, Mercator aliupunguza hadi digrii 53. Ukweli ni kama digrii 42. Hakufika, ila alikaribia. Yeye naye alikosea pengine: aliizungushia ncha ya kaskazini visiwa vinne vikubwa ambavyo havipo, na kusini akaweka bara kubwa kuliko lililopo. Waliomfuata walisahihisha. Mwingereza Edward Wright ndiye aliyechapisha, mwaka 1599, majedwali ya hesabu yaliyowawezesha wengine kuichora ramani ya namna hiyo kwa usahihi.

Mercator alifariki tarehe 2 Desemba 1594. Mwaka uliofuata mwanawe Rumold alichapisha mkusanyo wa ramani za baba yake chini ya jina alilolichagua mwenyewe, Atlas. Na hadi leo kitabu cha ramani huitwa atlasi.

Funzo kwa Mwalimu

Tunapendekeza somo lifuatalo kwa darasa la juu la shule ya msingi. Kwanza, kila mtoto amenye chungwa, ajaribu kulilaza ganda bapa juu ya dawati bila kulichana. Atashindwa, na kushindwa huko ndiko mwanzo wa somo. Pili, wakate karatasi yenye umbo la Greenland kutoka kwenye tufe la shule, wahesabu ni mara ngapi itaingia katika Afrika ya tufe lile lile. Tatu, warudie kazi hiyo kwenye ramani ya ukutani. Majibu yatapingana. Hapo mwalimu asikimbilie kueleza. Awaache watoto waulize.

Maswali mawili yatoshe: ramani hii ilichorwa kwa kazi gani, na skeli yake ni ya kweli wapi? Maswali hayo hayajazeeka. Ramani nyingi za simu hutumia namna ya Mercator kwa sababu ile ile ya kutunza pembe. Picha za satelaiti za Landsat, zilizoanza kupigwa mwaka 1972, nazo zina skeli yake: katika nyingi kati ya zile za siku hizi nukta moja ni ardhi ya mita 30 kwa 30, na nyumba ndogo ya kijijini haionekani peke yake. Mtoto akiambiwa kwamba kisichoonekana katika picha hakipo, atakuwa amedanganywa upya.

Basi tusiing'oe ramani ukutani. Tuiache pale, na kando yake tuweke tufe, hata likiwa la udongo au la karatasi lililotengenezwa na watoto wenyewe. Mtoto aliyekwisha kuvilinganisha viwili hivyo kwa mikono yake hatasahau tena ukubwa wa bara lake.