Aliandika Riwaya Akiwa na Miaka 49, Ikachapishwa Miaka 35 Baadaye: Stori ya Mzee Kitereza

Kama uko Mukuyuni na kuna daftari umeficha chini ya godoro, ukijiambia umri umeenda, hebu skia hii ya Mzee Aniceti Kitereza.

Huyu mzae alizaliwa 1896, ukoo wa kifalme wa Ukerewe. Ukerewe ni kisiwa ndani ya Ziwa Victoria, upande wa Tanzania. Usifikirie mji wa mataa. Ni mitumbwi, samaki, mashamba, na majirani wanaojua umekula nini jana. Akasomea misheni ya Kagunguli, halafu seminari ya Rubya kule Bukoba, na huko akabonda lugha za wazungu vinoma. 1919 akaacha mambo ya upadri, akaoa Anna Katura, akarudi kuishi maisha ya kawaida, akifanyia wamisheni kazi.

Sasa hapa ndio huniuma. Yeye na Anna walizeeka bila mtoto. Na unajua aliandika nini? Myombekere na Bugonoka, bwana na bibi wanaopendana kufa, lakini nyumba haina mtoto. Ndugu za mume wanamtusi mwanamke mpaka wazazi wake wanakuja kumchukua. Myombekere hataki mke mwingine. Anahangaika kupika pombe ya ndizi ya kulipa wakwe ndio arudishiwe mtu wake. Baadaye mganga anawasaidia, wanapata Ntulanalwo na Bulihwali. Ukiniuliza, mzee aliwapa watu wa kitabu kile chenye yeye alinyimwa.

Ndani kuna kila kitu: kulima, kuvua, dawa, matanga, adabu ya kusalimia wakwe. Alitaka watoto wa kisiwa wasisahau. Akakimaliza 1945, kwa Kikerewe.

Lakini nani angechapisha riwaya nene hivyo, kwa lugha ya kisiwa kimoja? Zii. Padri mmoja Mkanada, Almas Simard, aliyekuwa akimpa moyo, alianza kuitafsiri kwa Kifaransa, akafariki kabla mambo hayajaiva. Miswada ikabaki kukaa tu. Miaka ikasonga, ukoloni ukaenda, mzee bado yuko na makaratasi yake.

Mwisho wa miaka ya 60 wakafika Wamarekani wawili, Gerald na Charlotte Hartwig, bwana na bibi waliokuja kufanya utafiti. Wakamshauri aiweke kwa Kiswahili. Wewe ungekubali? Zaidi ya miaka 70, uanze ukurasa wa kwanza tena, kwa mkono wako? Mzee akaketi akaitafsiri yote.

Tanzania Publishing House wakaichapisha 1980, na jina refu kama treni: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Vitabu vikachelewa njiani. 1981 mzee akaaga, nakala zikiwa bado hazijamfikia. Noma sana.

Wajerumani wakaitafsiri kwa lugha yao. Halafu 2002 ikatoka kwa Kiingereza, kazi ya Gabriel Ruhumbika, mwandishi aliyezaliwa kisiwa kilekile cha Ukerewe. Ukibahatika kuipata, usitishwe na unene wake. Anza tu na ile siku wakwe wanakuja kumchukua Bugonoka.