Miaka 29 ya Rebmann Rabai: funzo kwa wanaochoka kuomba

Mwanafunzi yeyote aliyesoma historia ya Kenya amelisikia jina la Johannes Rebmann. Hata hivyo, aghalabu hulisikia likifuata nyuma ya jina la Ludwig Krapf mithili ya mkia na ng'ombe wake, kisha huambiwa akariri jambo moja tu: kwamba Rebmann alikuwa Mzungu wa kwanza kuandika habari za theluji ya Mlima Kilimanjaro, mwaka 1848. Mtihani ukishapita, jina hilo husahauliwa.

Naamini kwamba hasara hiyo si ya somo la historia peke yake. Ni hasara ya imani pia. Siku hizi sala ya Mkristo imefananishwa na duka: mnunuzi huingia na sadaka yake mkononi, na akitoka bila bidhaa hudhani ameibiwa. Wanafunzi huombewa kalamu usiku wa kuamkia mtihani, na matokeo yakiwa mabaya wengine huiacha kalamu na sala kwa pamoja. Watu wazima nao huhama kanisa hadi kanisa wakitafuta mahali ambapo jibu hutolewa upesi zaidi. Katika hali kama hiyo, ni vyema kumtazama mtu aliyeomba na kufanya kazi mahali pamoja kwa miaka 29, na ambaye mwishoni aliondoka akiwa na mavuno machache mno ya kuonyesha.

Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 huko Gerlingen, kijiji kilicho karibu na mji wa Stuttgart, kusini mwa Ujerumani. Jamaa zake walikuwa wakulima. Eneo hilo la Württemberg lilijulikana kwa Wakristo waliozoea kukutana majumbani, wakisoma Biblia na kuomba pamoja baada ya kazi za shamba, na katika malezi hayo ndimo kijana huyu alimokulia. Alisomea umisionari katika chuo cha Basel nchini Uswisi, kisha akaenda Uingereza, akapewa daraja la ukasisi mwaka 1845 na kupokewa na chama cha misheni cha CMS. Mwezi Juni 1846, akiwa na umri wa miaka 26, alishuka pwani ya Mombasa.

Aliyempokea alikuwa Krapf, mtu aliyekuwa bado na jeraha bichi moyoni. Miaka miwili tu kabla ya hapo, Krapf alikuwa amemzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga hapo Mombasa. Mwezi Agosti 1846 wamisionari hao wawili walipanda vilima vya Rabai kwenda kuanzisha kituo, na wote wawili walikuwa wagonjwa wa homa. Basi kazi ambayo vitabu huiita mwanzo wa Kanisa nchini Kenya ilianzishwa na wagonjwa wawili waliokuwa wakijikokota. Anayedhani kwamba mtu akiomba lazima kwanza apewe nguvu ndipo aanze safari, na atafakari mwanzo huo.

Safari za bara zilimwangukia Rebmann mapema. Mwaka 1847 alifika Kasigau, katika nchi ya Wataita. Mwezi Aprili 1848 alitoka tena kuelekea Uchagani, akiongozwa na Bwana Kheri, kiongozi wa misafara aliyezijua njia hizo vyema. Bwana Kheri alistaajabu kumwona Mzungu huyu akienda bila silaha, amebeba mwavuli tu. Asubuhi ya tarehe 11 Mei waliona weupe juu ya kilele cha mlima. Rebmann aliuliza ni nini, na kiongozi wake akamwambia kwamba kitu hicho ni baridi.

Jambo alilolifanya Rebmann baada ya hapo halimo katika maswali ya mitihani, lakini ndilo linalonigusa zaidi. Alikaa akafungua Biblia yake, akasoma Zaburi ya 111. Hakuichagua kwa sababu ya mlima ule. Ndiyo iliyokuwa zamu ya siku hiyo, kwani alikuwa na desturi ya kuzisoma zaburi kwa mfuatano, awe nyumbani au safarini, awe ameona theluji au ameona vumbi. Zaburi hiyo yazungumza juu ya Mungu anayewadhihirishia watu wake uwezo wa matendo yake, nayo ilimwingia moyoni maradufu kwa kuwa mlima ulikuwa mbele ya macho yake. Lakini laiti asingekuwa na mazoea ya kila siku, asingekuwa na zaburi ya siku ile. Mwenye kuomba wakati wa miujiza pekee hukosa hata maneno ya kuupokea muujiza unapomjia.

Habari za theluji zilichapishwa London mwaka 1849 katika jarida la CMS, na badala ya pongezi alipata dhihaka. William Desborough Cooley, mwanajiografia aliyeijua Afrika kwa kusoma vitabu mezani, alishikilia kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta, na kwamba mmisionari huyo ameona mambo ya ndotoni. Rebmann hakuwa na chombo cha kuthibitisha urefu wa mlima. Alichokuwa nacho ni macho yake na neno lake. Ilipita zaidi ya miaka kumi kabla ya Baron Karl Klaus von der Decken kuupanda sehemu na kuupima mlima huo katika safari zake za 1861 na 1862, ndipo ukweli ukajulikana. Mwaka 1871 Charles New, mmisionari wa Kimethodisti, aliifikia theluji yenyewe. Alichokiona Rebmann kilikuwa kweli tangu siku ya kwanza, ingawa wakubwa hawakukiamini. Imani nayo hupitia njia iyo hiyo: kutokuaminiwa kwa ushahidi hakuufanyi kuwa uongo.

Katika safari yake ya tatu Uchagani, mwaka 1849, Mangi Mamkinga wa Machame alimwachisha karibu mali yote aliyokuwa nayo kwa jina la zawadi, naye akarudi pwani mgonjwa na mikono mitupu. Njia ya bara ilikuwa imefungwa kwake. Tangu hapo maisha ya Rebmann yaliacha kuwa maisha ya msafiri, yakawa ya mkaaji. Hapa ndipo wandishi wengi wa historia humwacha, na hapa ndipo mimi naona simulizi lake linapoanza.

Mwaka 1851 alikwenda Misri akamwoa Emma Tyler, akarudi naye. Mtoto waliyempata alifariki akiwa mchanga. Mwaka 1853 Krapf alirudi Ulaya kwa sababu ya afya. Mwaka 1855 mwenzao wa tatu, Jakob Erhardt, naye akaondoka. Ramani ya bara ambayo Erhardt na Rebmann waliitengeneza kutokana na masimulizi ya wafanyabiashara wa misafara, ikionyesha ziwa moja kubwa mno, iliwashughulisha wataalamu wa London hata wakawatuma Burton na Speke mwaka 1856. Wapelelezi hao walipata sifa duniani. Rebmann alibaki Rabai. Katika miaka hiyo mashambulizi ya Wamaasai yaliufikia ukanda wa pwani, naye na mkewe wakalazimika kukimbilia Unguja kwa muda. Hali ilipotulia, walirudi kilimani kuanza upya.

Je, matunda yalikuwa wapi? Mtu wa kwanza kuamini Rabai alikuwa Mringe, mlemavu aliyebatizwa akiwa karibu kukata roho. Kisha ilipita miaka mingi ya ukame. Mwanzoni mwa miaka ya 1860 walibatizwa wengine wachache, miongoni mwao Abe Gunja, ambaye mwanawe Isaac Nyondo alikuja kuwa msaidizi mwaminifu wa misheni. Mwaka 1866 Emma alifariki. Macho ya Rebmann yalikuwa yakififia mwaka baada ya mwaka. Sir Bartle Frere alipoizuru pwani mwaka 1873 kwa shughuli za kukomesha biashara ya watumwa, alimkuta mzee aliyekaribia kuwa kipofu, na kundi dogo sana la waumini. Wapo waliosema kwamba kituo hicho kimeshindwa, na kwa hesabu ya vichwa hawakukosea.

Tusimpambe mtu huyu kupita kiasi. Alikuwa mgumu, mzito wa kubatiza, na mwenye kuhukumu upesi desturi za Warabai ambazo hakuzielewa vyema. Wenyeji walikuwa na kaya zao, wazee wao na sala zao kwa Mungu waliyemwita Mulungu. Hawakuwa watu watupu wanaosubiri kujazwa. Pengine ukame ule ulisababishwa kwa sehemu na ukali wake mwenyewe. Wapo pia wanaosema kwamba kuvumilia bila matokeo ni ukaidi tu uliovikwa joho la utakatifu. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, kwa maana ukaidi na saburi hufanana kwa sura.

Hata hivyo, naona alama moja ya kuvitofautisha. Mkaidi hurudia neno lake tu. Mwenye saburi hukaa akasikiliza. Rebmann alitumia miaka ile kusikiliza. Alikaa na Salimini, mtu aliyetekwa utumwani kutoka nchi za Ziwa Nyasa, akaandika neno baada ya neno hadi kamusi ya lugha yake ikakamilika. Alikusanya maneno ya Kirabai. Akakitafsiria Kiswahili Injili ya Luka. Subira yake haikuwa ya kukunja mikono na kutazama mbingu. Asubuhi aliomba, kisha akachukua kalamu. Na macho yalipomkataa, kumbukumbu ya lugha alizojifunza haikumkataa.

Wala si jambo dogo kwamba Injili hiyo ni ya Luka. Miongoni mwa Injili nne, ni Luka pekee aliyeandika mifano miwili ya Yesu kuhusu kuomba bila kukata tamaa: ule wa mtu aliyemgongea rafiki yake usiku wa manane akitaka mikate, na ule wa mjane aliyemwendea kadhi dhalimu hadi akamchosha. Mtu aliyeitafsiri mifano hiyo ilimbidi aipime kila neno katika lugha ya watu ambao, kwa miaka mingi, walionekana kuufunga mlango wao. Nashawishika kwamba aliielewa kuliko wengi wetu tunaoihubiri. Katika mifano hiyo hatuambiwi kwamba mlango hufunguliwa mara ya kwanza. Twaambiwa tu kwamba anayegonga asiondoke.

Mwaka 1875, baada ya miaka 29 bila kurudi kwao hata mara moja, Rebmann alikubali kuondoka. Hakuiona tena njia aliyoijia. Alishikwa mkono na Isaac Nyondo, mmoja wa wachache walioamini, ambaye alisafiri naye hadi Ulaya. Alikaa Korntal, karibu na rafiki yake Krapf, na huko akafariki tarehe 4 Oktoba 1876, akiwa na umri wa miaka 56. Mwaka uo huo Injili yake ya Luka ilichapishwa. Kamusi aliyoiandika kwa msaada wa Salimini ilitoka mwaka 1877, na ile ya Kirabai, kazi yake na ya Krapf, mwaka 1887. Zote mbili hakuzishika mkononi. Krapf naye alimfuata mwaka 1881. Alikutwa amekufa huku amepiga magoti kando ya kitanda chake.

Na Rabai ilikuwaje? Kituo kile kidogo kilikuwa kimbilio la watumwa watoro. Tarehe 1 Januari 1889 watu zaidi ya 1,000 waliokimbilia Rabai na vituo vingine vya misheni karibu na Mombasa walipata hati za uhuru wao. Sisemi kwamba sala za Rebmann ndizo zilizoyaleta hayo peke yake. Walikuwako wengine wengi waliotoa jasho, Waafrika wakiwa mstari wa mbele. Nasema tu kwamba mlango ambao watu hao waliupitia ulikuwapo kwa sababu kulikuwa na mtu aliyekataa kuufunga wakati hakuna aliyekuwa akiingia.

Kwa hivyo, walimu wenzangu, tunapofundisha habari za Krapf na Rebmann, tusikomee kwenye mlima na tarehe. Tuwaonyeshe vijana mtu aliyesoma zaburi ya zamu yake kila siku, aliyedhihakiwa kwa kusema kweli, aliyefiwa, aliyeachwa peke yake, na ambaye kesho yake alirudi mezani pake. Na nanyi wanafunzi, msiipime sala kwa karatasi ya matokeo. Ombeni, kisha mfungue vitabu. Mkianguka, ombeni tena na mfungue vitabu tena. Mvumilivu hula mbivu, wahenga walinena, lakini imani ya Kikristo inadai zaidi ya hapo: wakati mwingine mvumilivu hupanda, na mbivu zikaliwa na wengine. Asiyekubali hilo bado hajaanza kuomba.