Paul Bomani na Mizani ya Mkulima

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Walawi 19:35, 36, Mithali 11:1, Amosi 8:4–6, 1 Samweli 12:1–5, 2 Wakorintho 8:16–21.

Paul Bomani alizaliwa Musoma mwaka 1925, mwana wa mhubiri wa Kiadventista. Alisoma katika shule za misheni za Nassa na Ikizu, kisha akaajiriwa katika mgodi wa almasi wa Mwadui. Mwaka 1947, akiwa bado kijana, alikuwa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza. Wengi humkumbuka kama waziri na balozi. Juma hili tumwangalie kama meneja.

Wakati ule wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa, wengi wao Wasukuma, walipeleka mazao yao kwenye vituo vya wanunuzi binafsi. Mnunuzi ndiye aliyekuwa na mizani, ndiye aliyeisoma, ndiye aliyeandika. Mkulima asiyejua kusoma alipokea alichopewa. Malalamiko ya kupunjwa yalikuwa mengi, lakini hakuna aliyeweza kuyathibitisha.

Soma Amosi 8:4–6. Wafanyabiashara wale waliitunza Sabato kwa nje, huku mioyo yao ikihesabu saa ili warudi kwenye mizani yao ya hila. Je, inawezekana mtu akafunga duka siku ya Sabato na bado akaivunja Sabato kwa namna anavyouza Jumapili?

Bomani na wenzake wangeweza kuishia kulalamika. Badala yake wakulima waliweka wapimaji wao wenyewe karibu na vituo, ili mkulima aujue uzito wa pamba yake kabla ya kuambiwa na mnunuzi. Hatua hiyo ilikuwa ndogo, lakini ilibadilisha mambo. Mtu mnyonge alipata njia ya kuhakiki neno la mwenye nguvu. Hapa pana somo la kwanza kwa kila kiongozi wa biashara: haki ikitegemea wema wa mwenye mizani peke yake, haijawa salama. Inahitaji utaratibu.

Kutokana na mwamko huo vilianza vyama vya msingi vya wakulima. Bomani alikwenda Uingereza, katika chuo cha Loughborough, kujifunza kazi ya ushirika, kwa maana alitambua kwamba nia njema haitunzi vitabu vya hesabu. Mwaka 1955 vyama hivyo viliungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, naye akawa meneja mkuu. Ilipofika 1960 karibu pamba yote ya jimbo ilipitia mikononi mwa ushirika, nao ulimiliki viwanda vya kuchambulia pamba. Mwaka huo huo Bomani aliingia katika baraza la mawaziri, na baadaye akawa Waziri wa Fedha.

Habari haiishii hapo, wala tusiifiche sehemu iliyobaki. Mwaka 1966 kamati iliyoteuliwa na Rais ilichunguza vyama vya ushirika nchini, ikakuta ubadhirifu, uongozi dhaifu na wanachama wasioelewa fedha zao zinakwenda wapi. Serikali iliingilia kati, na shirikisho lile likaundwa upya. Wakulima waliokuwa wamejinasua kutoka katika mizani ya wanunuzi sasa walikuwa wakiwalalamikia watumishi wa chama chao wenyewe. Chombo kilichoanza kwa kuhakiki mizani ya wengine kilikuwa kimeacha kuhakikiwa.

Soma 1 Samweli 12:1–5. Samweli hakungoja kushtakiwa. Alisimama mbele ya watu na kuwapa nafasi ya kumkagua. Soma pia 2 Wakorintho 8:16–21. Paulo hakubeba sadaka ya makanisa peke yake. Walichaguliwa wengine wafuatane naye, ili jambo liwe jema mbele za Mungu na mbele za wanadamu pia. Kama mtume aliona haja ya mashahidi, sisi ni nani hata tukasirike tunapoombwa risiti?

Biashara si ngeni kwetu Ivuna. Chumvi ya chemchemi zetu ilichemshwa karne nyingi kabla ya kuwapo forodha ya Tunduma. Leo tunauza ufuta, mpunga na ng'ombe, na ndugu zetu Wasukuma wamo humu bondeni pamoja nasi. Bado lumbesa ipo, na bado mizani huchezewa. Mwadventista mwenye ghala, mashine ya kukoboa au cheo katika AMCOS na afanye haya: apime mbele ya mwenye mzigo; amruhusu kupima upya kwingine bila kununa; fedha zihesabiwe na watu wawili; hesabu zisomwe kwa lugha ambayo mwanachama wa mwisho anaielewa; na aandae mtu wa kushika kazi kwa utaratibu ule ule atakapoondoka.

Bomani alifariki mwaka 2005. Mizani aliyoisimamia ujanani inaendelea kutuuliza swali: je, yule aliye chini yangu anaweza kunihakiki bila kuogopa?

Maswali ya Kujadili:

1. Kwa nini chama kilichoanzishwa ili kuondoa dhuluma kinaweza chenyewe kuanza kudhulumu? Ni dalili gani za mwanzo?

2. Mithali 11:1 inaonesha kwamba mizani ni jambo la ibada. Hilo linabadilishaje namna unavyoajiri, unavyolipa mishahara na unavyopanga bei?

3. Mhazini wa kanisa ni mwaminifu na anapendwa na wote. Je, bado akaguliwe? Jibuni mkitumia 2 Wakorintho 8:20, 21.