Sherrington, mzee aliyezigundua breki za mwili wako

Uko steji ya Cheptiret, unataka kuvuka barabara ya Eldoret kwenda Nakuru. Mguu umeshainuka, mara bodaboda inachomoka bila honi. Mguu unaganda hewani. Nani ameusimamisha?

Kuna mtu alitumia maisha yake kuchimba swali kama hilo. Charles Sherrington alizaliwa London mwaka 1857, akasomea udaktari, akafundisha Liverpool kuanzia 1895 na Oxford kuanzia 1913.

Pengine unadhani kusimama ni kuacha tu kufanya kazi. Wapi! Sherrington alionyesha kwamba msuli wa kukunja goti unapovuta, ule wa kulinyoosha huamriwa ulegee. Yaani neva zako hubeba amri mbili, ya kwenda na ya kuacha, na hiyo ya kuacha ni kazi kamili. Bila hiyo hata kutembea kungekushinda.

Mwaka 1932, akiwa na miaka 75, alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Edgar Adrian. Alifariki 1952.

Yeye alichunguza zaidi uti wa mgongo. Waliomfuata walipanda hadi kwenye ubongo, wakapima: kuzima hatua iliyokwisha kuanza huchukua karibu robo sekunde. Ni muda mfupi, lakini si bure. Macho yakiwa kwenye simu, amri ya kuacha hufika mguu ukiwa tayari kwenye lami.

Kwa hivyo ukifika steji, simu mfukoni kwanza. Breki unazo, zipe nafasi zishike.